Hotuba Tumeitunza, Walioitikia Je?

Wiki ya mechi ya Simba na Yanga ikifika, kila kijiwe cha Moshi hupata amiri jeshi wake. Kuanzia Mbuyuni hadi Kiboriloni utamsikia kijana wa bodaboda, aliyezaliwa hata Mwalimu keshafariki, akiunguruma kwa sauti ya Mwalimu Nyerere kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo. Watu wanacheka, mtani anajibu, chai inaendelea. Sina ugomvi na utani huo, hata mimi huutumia timu yangu inapokuwa na hali nzuri. Ila hotuba ile ya tarehe 2 Novemba 1978, ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, tumeitunza vizuri kuliko tulivyowatunza watu walioiitikia, na hili linanikera.

Kwa wengi wetu Vita vya Kagera ni swali la mtihani: taja sababu, taja athari, funga daftari. Sasa fikiria ilivyokuwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 maelfu ya askari wa Idi Amin walivuka mpaka kwa vifaru na magari ya deraya. Upande wetu askari walikuwa wachache mno, wametawanyika, na silaha zao hazikufua dafu. Eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba 1,800 hivi, likaingia mikononi mwa wavamizi, na Amin akajitapa kwamba kazi hiyo ilimchukua dakika 25. Tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa ili tusivuke. Na ng'ambo ya daraja hilo kulikuwa na vijiji vyenye watu. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, wanawake wakabakwa, na raia wanaokadiriwa kufikia 1,500 wakauawa.

Tunapenda kusema tulishtukizwa, na ni kweli. Lakini dalili zilikuwepo miaka saba. Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda Januari 1971, na wiki chache tu baadaye TANU, chama tawala chetu wakati huo, ikatoa Mwongozo uliotaka ulinzi uwe wa umma na wananchi wafundishwe mgambo. Mwaka 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka kwetu kwenda kumng'oa, wakashindwa, na ndege za Amin zikaja kudondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Ukafuata mkataba wa Mogadishu, kila upande ukarudi nyuma kidogo, mambo yakapoa juujuu. Oktoba 1978 yenyewe chokochoko za mpakani zilianza wiki kadhaa kabla ya uvamizi mkubwa. Waliokuwa na jukumu la kuhesabu vifaru vya jirani wana maswali ya kujibu mbele ya historia. Mimi nawafikiria zaidi walioitwa kuziba pengo.

Na walioitwa hawakuwa askari wa kazi peke yao. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanda ndani ya wiki chache hadi kupita 100,000, kwa kuingiza vijana wa JKT, polisi, magereza na mgambo kwa makumi ya maelfu. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, na ndiye aliyewaagiza wakuu wa mikoa wakusanye watu na vifaa vya vita. Mabasi na malori ya watu binafsi yalichukuliwa, mengine na madereva wake. Leo ukishuka Barabara ya Sokoine pale Arusha, jina lake liko kwenye kibao na kila konda analitaja, na anastahili. Wale madereva nani anawataja? Takwimu za upande wetu zilitaja wanajeshi 373 waliokufa, na walio wengi hawakufia kwenye mapigano yenyewe. Ajali za barabarani zilikula watu. Mtu aliyekufa lori likipinduka usiku njia ya kwenda mbele amekufa vitani sawasawa na aliyepigwa risasi, lakini hadithi yake haina wa kuisimulia kwa sababu haina mlio wa bunduki.

Mtaani kwetu yuko babu mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa sababu nilipomwomba ruhusa alitikisa kichwa na kuniagiza nimwekee sukari kwenye chai. Alikuwa mgambo. Kabla ya hapo alikuwa na kihamba chake cha kahawa na migomba, mke na mtoto mchanga. Ukimuuliza kuhusu vita huanza na miguu. Watu hudhani jeshi letu lilienda Kampala kwa magari. Sehemu kubwa ya askari wa miguu walikwenda kwa miguu kweli, kutoka Mutukula, mji wa Uganda uliopo mpakani, kupita Masaka, na mzigo mgongoni.

Halafu husimulia Lukaya. Ni mji mdogo katika barabara ya Masaka kwenda Kampala, barabara yenyewe imepita juu ya kinamasi kirefu, kulia maji, kushoto maji. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo wasiowahi kuonja mapigano, ilikutana pale na askari wa Amin wakisaidiwa na wanajeshi wa Libya, na maroketi yakaanza kuwaangukia. Brigedi ikavunjika. Babu hafichi: walikimbia, kila mtu na njia yake, wengine hata kofia hawakuzikumbuka. Usiku huo wakakusanywa upya. Brigedi ya 208 ikazunguka kwa mbali kuikata barabara ya Kampala, na asubuhi ya tarehe 11 wale wale waliokimbia jana wakarudishwa kushambulia kutokea mbele. Safari hii aliyekimbia ni adui. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa imeanguka.

Hapo ndipo ninapoachana na namna yetu ya kuadhimisha. Mabango yetu yanampenda shujaa asiyetetereka. Mimi aliyekimbia Jumamosi akarudi Jumapili namheshimu zaidi, maana Jumapili hiyo alishajua anarudi kwenye nini. (Tarehe 10 Machi mwaka ule ilikuwa Jumamosi kweli, anayebisha atafute kalenda.)

Babu huyu kuna mahali hafiki. Ukimtajia Mutukula hunyamaza, kisha huuliza habari za shule za watoto. Mji ule ulipotekwa Januari 1979 nyumba zilisawazishwa kwa matingatinga na kuna raia waliouawa, kulipiza yale ya Kagera. Mwalimu alichukizwa, na amri ikatolewa kwamba raia wa Uganda na mali zao visiguswe. Kumuenzi mzee aliyekuwa vitani ni pamoja na kumwachia nafasi ya kulisema na hilo siku akitaka, badala ya kumkabidhi maneno ya gwaride.

Maadhimisho ya kitaifa tunayo, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, gwaride hupita, bendi hupiga, televisheni huonyesha. Ni heshima kubwa na sina la kupunguza. Ila ni heshima kwa waliokufa, na kwa jumla yao. Aliye hai, ambaye hakuwa mwajiriwa wa jeshi, aliyerudi mwaka 1979 akakuta kahawa imemezwa na magugu na nchi nzima imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, huyo siku hiyo anaangalia televisheni kama mimi. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anaukaribia uzee wa miaka 70 au ameshaupita. Hata Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala, alitutoka Oktoba 2024 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Si kila mtu atapewa miaka hiyo ya kutusubiri.

Mji wetu nao una lake. Moshi hujivunia Machi 1979, na kwa haki, maana hapa ndipo vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikaa kuanzia tarehe 24 hadi 26 vikaunda UNLF, chombo kilichounda serikali baada ya Amin chini ya Yusuf Lule. Wasomi huandika kuhusu Mkutano wa Moshi mpaka leo. Wajumbe walikuja, wakakubaliana, wakaondoka. Vijana wa Kibosho, Machame, Marangu na Old Moshi ambao siku hizo hizo walikuwa kwenye tope la Uganda hawana hata ukurasa. Wengi nimewajua msibani. Msoma wasifu anafika mahali anasema marehemu alishiriki Vita vya Kagera, sentensi moja kati ya mwaka wa ndoa na idadi ya wajukuu, anaendelea. Wajukuu wanatazamana. Hawakuwahi kusikia.

Nilipeleka wazo langu kwenye ofisi moja ya serikali hapa mjini: kila mtaa uandike majina ya waliokwenda, walio hai na waliokufa, na kazi waliyofanya huko. Niliambiwa niandike barua. Barua ikaambiwa isubiri bajeti. Daftari la kaunta linahitaji bajeti gani? Balozi wa nyumba kumi anawajua wazee wake wote. Shemasi anawajua, imamu anawajua, mama wa kilabu cha mbege ndiye anawajua kuliko wote. Sekondari zetu zina walimu wa historia na wanafunzi wenye simu zinazorekodi sauti. Mkusanyiko wa namna hiyo ukishapatikana, hata madai ya wazee hawa, ambayo wabunge wameyauliza bungeni mara kadhaa, yatakuwa na orodha ya kushikia.

Nimeanza na mtaa wangu. Kwa atakayeanza na wake, nimejifunza machache. Usianze kwa kuuliza aliua wangapi, maana mzee mwenye akili zake atakufukuza. Muulize alikula nini, alilala wapi, nani alikuwa naye kwenye lori kutoka hapa. Majina ya wenzake yatakuja yenyewe, na hao ndio watu wako wa kutafuta kesho yake. Nenda asubuhi, kabla jua halijamchosha. Muulize pia kama ana kitambulisho cha wazee cha matibabu, kwa sababu wawili kati ya niliowaandika hawakuwa nacho, na hicho kinafuatiliwa wiki hii hii bila kusubiri Julai.