Gari Langu Lina Hiari

Gari lililokufa nalielewa. Linavutwa, linalala gereji, majirani wanakupa pole, unapanda daladala ukiwa na sababu ya maana. Hili langu halijafa. Hili lina hiari. Likijisikia linawaka, lisipojisikia unazungusha funguo linakujibu "tak" moja kavu, basi, limemaliza mazungumzo.

Na lina akili ya kuchagua. Jumapili asubuhi, ninapotaka tu kulisogeza nifagie majani, linawaka hata kabla sijakaa vizuri. Lakini kituo cha mafuta, saa za watu kutoka kazini, mahali ambapo sheria inasema lazima uzime injini? Hapo ndipo lilipojijengea nyumba. Nyuma kuna msururu wa bajaji, kila moja ina honi yenye sauti ya bata. Mhudumu ananiambia kwa heshima zote, "Bosi, sogeza basi wenzako wahudumiwe." Nilisogeze kwa dua?

Gari likigoma nchi hii, kila mtu ni fundi. Muuza mihogo anakwambia zima redio kwanza. Mlinzi anakwambia tingisha betri. Abiria wa bodaboda, ambaye hata helmeti hajavua, anapiga kelele, "Weka N ujaribu!" Huyo wa N simlaumu sana, maana gari za otomatiki zina swichi kwenye gia ambayo ikichoka gari halijui kama liko P au liko safarini, na ukiweka N kweli linaweza kuwaka. Ila langu niliweka N, nikaweka P, nikarudisha N. Tak.

Basi unalipeleka gereji. Unalipelekaje? Linaendeshwa, maana asubuhi hiyo limewaka vizuri kabisa! Fundi anazungusha funguo, vruuum. Anazima, anawasha tena, vruuum. Anakutazama. Unajiona kama mtu aliyekimbiza mtoto hospitali na homa, mtoto akafika anacheza rede kwenye korido. "Mbona zima hili, bosi?"

Ila fundi hawezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Niligundua kila fundi ana ugonjwa wake mmoja anaoupenda, na gari lolote litakalopita kwake litakutwa nao. Wa kwanza ugonjwa wake ni betri. Nikanunua betri. Wa pili alikuja na mashine ya kupima, akaichomeka chini ya usukani, ikasema hakuna kosa lolote. Akaniambia, "Kompyuta haidanganyi." Haidanganyi, sawa, lakini nayo inaona yale tu iliyowekewa macho ya kuyaona. Waya uliolegea bado unaweza kuipita bila salamu. Wa tatu akasema stata, ile mota inayozungusha injini iwake, kaboni zimekwisha, twende Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, tukatafute iliyotumika kutoka Japani. Ikafungwa. Gari likakaa na adabu siku kadhaa, nikaanza hata kuliosha. Kisha, nje ya msiba, watu wote wamesimama wananiaga: tak.

Mama Salma, mke wangu, hakusema kitu. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akasimamisha bajaji. Afadhali angesema.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari, kijiwe chake kiko chini ya mwarobaini huko Buguruni. Hakufungua boneti. Aliniuliza tu, "Likigoma linasemaje?" Jamani, mtu wa kwanza kuniuliza! Nikamwambia tak moja, taa za dashibodi zinabaki kali. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba tak-tak-tak za haraka mara nyingi ni betri dhaifu. Kimya kabisa, anaanzia kwenye swichi, rilei au hiyo ya gia. Injini ikizunguka bila kushika, stata aiache, atafute mafuta au moto wa plagi, au sensa ya kranki, ambayo ikichoka hugoma kwenye joto na kupona ikipoa. Tak moja na taa kali: umeme upo, ila kuna mahali hauruhusiwi kupita.

"Sasa tungoje ligome," akasema.

Tukangoja. Yeye anakunywa kahawa na kashata, mimi kila baada ya muda nawasha, linawaka kwa furaha, linanitazama kwa taa zote. Nimewahi kuliombea gari mabaya? Siku hiyo nililiombea. Akaniambia nizunguke nalo mpaka injini iive, nirudi, nizime. Nikazungusha funguo. Tak.

"Usiguse kitu!" Mzee alinyanyuka kwa kasi ambayo kahawa haikuitegemea. Akaweka mita kwenye betri: volti 12.5, betri haina neno. Kisha waya mmoja wa mita akauweka kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini, akaniambia zungusha. Hapo, anasema, haipaswi kuzidi nusu volti. Ikasoma zaidi ya tatu. Akaingiza mkono chini, akafuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, mpaka kwenye bolti yake, akaifungua. Chini yake kutu tupu. Ukiwa baridi unashika kidogo, ukipata joto unasusa. Na wale wa stata, kumbe walipokuwa wanafunga waliutikisa tu, ndiyo maana ya zile siku za adabu.

Msasa, waya mpya, bolti ikakazwa. Bei yake siitaji, maana ukiiweka pembeni ya bei ya stata utalia na wewe.

Sasa ile stata ya zamani ninayo, nimeifunga kwenye gazeti. Jumamosi nimeipeleka Gerezani niiuze, angalau nirudi nyumbani na kilo mbili za nyama ya kuombea msamaha. Kijana wa dukani akaigeuzageuza.

"Nzima?"

"Nzima kabisa."

"Haina tatizo hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa mzee wangu, mliitoa kwenye gari kwa nini?"