Watoto wa Llullaillaco: wabaki makumbusho au warudi mlimani?

Machi 1999, kwenye kilele cha volkano ya Llullaillaco, mpakani mwa Argentina na Chile, watafiti walioongozwa na Johan Reinhard na Constanza Ceruti walifukua watoto watatu: binti wa miaka kama 13 na wadogo wawili, wa kiume na wa kike. Wainka, watu wa dola ya kale ya milima ya Andes, Amerika Kusini, waliwazika huko miaka 500 hivi iliyopita, zaidi ya mita 6,700 juu ya bahari, katika kafara iliyoitwa capacocha. Baridi iliwatunza hata ungedhani wamesinzia.

Sasa wako mjini Salta, Argentina, katika MAAM, makumbusho ya akiolojia ya milima mirefu, na huonyeshwa kwa zamu ndani ya vioo vyenye baridi kali. Baadhi ya wenyeji wa Andes wanapinga: mlima ule ni mtakatifu, na kaburi halifukuliwi.

Wanaotetea wabaki makumbusho wana hoja nzito. Katika mlima Quehuar, mkoa huohuo wa Salta, wezi wa makaburi walilipua madhabahu kwa baruti na kumharibu marehemu aliyekuwemo. Tena kuna nywele. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulisoma nywele ndefu za binti yule kama shajara: takriban mwaka mmoja kabla ya kufa alianza kulishwa vizuri zaidi, na koka, majani ya kutafuna yanayochangamsha mwili, ikaongezeka; wiki za mwisho pombe ya mahindi ikazidi mno. Bila utafiti tungebaki na maandishi ya Wahispania walioiteka dola ya Wainka peke yake, naye asingekuwa na shahidi.

Lakini nywele husomwa maabara. Hazimlazimu mtoto kukaa mbele ya watalii. Kuhifadhi ni jambo moja, kuonyesha ni jingine, na mjadala huu huyachanganya mno.

Sheria namba 25.517 ya Argentina, ya mwaka 2001, inataka mabaki ya wenyeji yaliyo makumbusho yakabidhiwe jamii zinazoyadai. Ila mrithi ni nani? Wainka wenyewe waliingia eneo la Salta kama watawala wa kutoka mbali, na watoto wa capacocha walikusanywa pande nyingi za dola yao. Hili linanifanya nisite kusema warudishwe kileleni kesho, wezi wakiwa bado wapo.

Wabaki kwenye baridi, lakini pazia lifungwe. Nguo zao na vinyago vya dhahabu, fedha na kome vinatosha kuonyeshwa. Binti yule alikutwa na majani ya koka bado mdomoni. Hakuna tiketi inayompa mgeni haki ya kuyachungulia.