Tulipolala Juu ya Karatasi

Juzi kwenye kikao cha idara mwenzetu mmoja alisema ile warsha yetu ya kuchora miili yetu na kuweka humo darasa, wodi na utafiti isirudiwe. "Watu wazima, wenye shahada zenu, mnagaagaa chini na maka kama watoto wa chekechea." Kikao kikacheka. Akapendekeza badala yake semina ya siku moja ya matumizi mazuri ya muda. Mimi sikucheka. Nimelala na maneno hayo, nimeingia nayo zamu, na leo nayaandika kwa sababu yameniuma.

Mimi ni mkunga. Ni mwalimu wa wakunga pia, hapahapa Moshi. Na natakiwa niwe mtafiti, maana bila machapisho daraja halipandi hata ukifundisha mpaka sauti ikakauka. Semina za muda nimehudhuria. Nimejaza jedwali la saa 24 kwa kalamu za rangi, darasa kijani, wodi nyekundu, utafiti bluu. Usiku uleule nikaitwa leba, na ile bluu yote ikaondoka na mama aliyekuwa anavuja damu. Hakuna jedwali litakalonifanya nijute kwenda.

Warsha yenyewe tuliifanya Jumamosi, kwenye ukumbi wa kuazima kule Rau. Hapakuwa na posho wala projekta. Tulikuja na karatasi za khaki tulizounganisha kwa gundi, magazeti ya zamani, na mabaki ya vitenge tuliyoomba kwa mafundi cherehani. Unalala juu ya karatasi, mwenzako anapitisha maka kuzunguka mwili wako. Ukiinuka unaliona umbo lako liko chini, tupu, nawe unaulizwa: darasa liko wapi hapa? Wodi iko wapi? Utafiti je?

Njia hii haikutoka chekechea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kule Khayelitsha, Cape Town, wanawake wanaoishi na VVU walichora miili yao hivi, ukubwa uleule wa mtu, wakaeleza maisha yao wakati dawa zilikuwa bado hazijawafikia wengi. Waliokaa mbele ya michoro ile walisikia mambo ambayo dodoso halingeyapata.

Na sisi tuliyapata ya kwetu. Dada mmoja, mhadhiri mzuri, wanafunzi wanampenda, alichora mikono isiyo na vidole. Tukamuuliza. Akasema tangu aondoke wodini ni miaka mitatu, na kila akisimama kufundisha kuzalisha anaogopa mwanafunzi atamuuliza mara ya mwisho alimpokea mtoto lini. Akalia. Tumekaa naye ofisi moja muda wote huo na hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe nilibandika wodi kifuani na darasa mdomoni, halafu nikatafuta pa kuweka utafiti nikakosa. Mwishowe nikauweka mgongoni, kwa kipande cha kitenge, kama mtoto unayembeba huku unafanya kazi nyingine. Nilipomaliza nilikiangalia kile kitenge muda mrefu. Mtoto wa mgongoni humwoni uso.

Mzee wetu mmoja, mtu wa Kibosho, alikataa kugawa. Mwili wote aliujaza migomba na kahawa. "Kwetu kihambani mgomba unaipa kahawa kivuli, majani yake yanarudi kwenye shina," akasema. "Nani aliwahi kuniuliza saa ya mgomba ni ipi na saa ya kahawa ni ipi?"

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu wa idara wanisikilize. Semina ya muda inaanza kwa kuamini kwamba kazi hizi ni tatu na zinagombania saa. Lakini chukueni patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua, karatasi tunayoifundisha kila mwaka. Mwaka 1972 Philpott na Castle, madaktari waliokuwa Harare wakati ule mji ukiitwa Salisbury, walichapisha kazi yao juu ya ile chati. Walikuwa na shida ya wodini: wakunga wa vituo vya mbali wajue lini mama asisubirishwe tena, apelekwe hospitali. Wakaweka mstari wa tahadhari, mlango wa kizazi ukifunguka sentimita moja kwa saa, na mstari wa kuchukua hatua saa nne mbele yake. Hebu niambieni, ile ilikuwa huduma, ufundishaji au utafiti? Mkunga alifundishwa kwa chati hiyohiyo, akamhudumia mama kwa chati hiyohiyo, na takwimu zikatoka kwenye chati hiyohiyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mpya, likahesabu uchungu mkali kuanzia sentimita 5 badala ya 4 na kuuacha ule mstari wa sentimita moja kwa saa, waliotakiwa kubadilika ni walewale: wa wodini, wa darasani, wa utafiti. Mara nyingi ni mtu mmoja.

Nakubali, mchoro hauajiri mkunga hata mmoja, na Jumamosi ile kuna wenzetu walibeba zamu zetu, nawashukuru. Nakubali pia wapo wasiopenda kuchora. Wakae waongee, hatumlazimishi mtu.

Ila mimi nimebadili kitu kimoja tangu siku ile. Zamani nikienda wodini na wanafunzi nilifundisha kujaza patografu, nikaondoka, kisha jioni nikahangaika kutafuta mada ya kuandika. Wiki iliyopita niliomba ruhusa ya mkuu wa wodi nikakaa nao mezani, mbele yetu chati za akina mama waliokwisha kujifungua, majina tumeyafunika. Nikasema tu, someni, mniambie mnaona nini. Binti mmoja, mkimya siku zote, akanyanyua moja akaisogeza kwenye mwanga.

"Mwalimu, samahani. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, wino ni uleule na mwandiko ni uleule. Si zamu ilibadilika hapa katikati?"

Zamu ilikuwa imebadilika. Chati ile ilijazwa yote kwa mkupuo, mtoto akiwa ameshazaliwa. Tukaangalia nyingine, na nyingine. Wanafunzi wakaanza kubishana: ni uchache wa wakunga, ni woga wa kukaguliwa, au ni sisi walimu tunaofundisha kujaza chati bila kufundisha kuitumia? Hilo la mwisho lilinigonga. Nikamwambia binti aandike swali lake juu ya ukurasa mpya wa daftari langu la utafiti, kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe. Jumatatu tunaanza kuandaa maombi ya kibali cha maadili, mimi na yeye na yule dada wa mikono isiyo na vidole, ambaye ameomba zamu moja ya leba kwa wiki.