Aliuliza kazi, akajibiwa madini

Jumamosi nilirudi nyumbani Ndosho, hapa Goma, na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Msichana niliyemfundisha hesabu miaka 3 alisimama kwenye mkutano wa vijana, akamuuliza mgeni aliyekuja kutuzungumzia teknolojia: "Mtu afanye nini ili awe mtafiti wa kompyuta za kwantumu kwenye kampuni?" Mgeni akamwambia hayo ni mambo ya mbali, yeye ni mtoto wa Kivu, asome jiolojia, koltani iko hapa. Binti akaketi. Hakuuliza tena.

Koltani! Ndani yake mna niobi na tantali. Niobi imetumika miaka mingi kutengeneza saketi za kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwantumu, inayoweza kuchanganya 0 na 1 kwa pamoja, na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha kwamba kyubiti ya tantali ilishika hali yake kwa zaidi ya milisekunde 0.3, muda mrefu sana kwa kitu dhaifu hivyo. Kwa hiyo metali iliyo katika udongo unaochimbwa kwa sururu kule Rubaya inastahili kuwekwa ndani ya firigo ya kompyuta hizo, yenye baridi ya karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, lakini mtoto wa Goma anaelekezwa shimoni? Hilo silikubali.

Tena kazi yenyewe watu hawaijui. Wanadhani mtafiti anashinda mbele ya mashine. Wapo mafundi wa baridi na wa mawimbi, ndiyo, lakini wengine wengi wanashinda na kalamu na laptopu: wanaandika programu, wanatafuta njia za kusahihisha makosa, maana kyubiti hukosea mara nyingi mno kuliko biti ya kawaida. Mei 2016 kampuni ya IBM ilifungulia watu mashine yake ya kyubiti 5 kwa intaneti. Qiskit, zana ya kuandikia programu za mashine hizo, ni ya bure. Kuiga kyubiti 25 kwenye kompyuta ya kawaida kunataka namba 33,554,432, karibu megabaiti 512 za kumbukumbu. Laptopu ya mtumba ya Birere, hapa mjini, inatosha. Mwaka jana tulijaribu naye, baada ya kungoja umeme hadi saa nne usiku. Tulifungamanisha kyubiti 2, yaani tuliziunganisha hata majibu yake yaende pamoja, matokeo yakawa 00 na 11 tu, nusu kwa nusu. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, si hizi ni zile matrisi zetu?"

Ni zilezile, binti yangu.

Haya, nafasi nyingi za utafiti zinadai udaktari, na kampuni zenyewe bado zinatafuta kazi ya kibiashara itakayolipa gharama za mashine hizo. Viza nayo ni mateso. Yote hayo angeweza kuambiwa waziwazi. Ni mtu mzima, angeyapima.

Jana jioni amekuja na daftari lake. Tumerudia namba changamano hadi giza likaingia. Mgeni wetu akirudi, atamuuliza swali lilelile, nami nitakuwa nimeketi kando yake.