Dipoziti ya nyumba Tanga: kazi ya chumvi asilipishwe mpangaji

Tuchukue mfano wa mpangaji anayehama Chumbageni mwisho wa mwezi. Alipoingia alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, kisha akaweka dipoziti ya mwezi mwingine, shilingi 200,000. Siku ya kukabidhi funguo anaonyeshwa hesabu hii: rangi 120,000, kitasa 35,000, usafi 30,000, bili ya maji 25,000. Jumla 210,000. Dipoziti imeisha, na bado anadaiwa 10,000.

Mwenye nyumba haoni kosa, kwa sababu ukuta umebanduka kweli, kitasa kimekwama kweli, na bili ya maji ipo mezani. Mpangaji naye haoni haki, maana hakuugusa ukuta ule na kitasa kilikuwa kikigoma tangu mwezi wa kwanza. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Kinachowagombanisha ni kwamba hawakubaliani dipoziti ni kitu gani.

Msimamo wetu ni huu. Dipoziti ni pesa ya mpangaji iliyowekwa kwa mwenye nyumba. Anayeikata anadai fidia, na anayedai fidia ndiye wa kuthibitisha mambo matatu: kwamba kuna uharibifu, kwamba mpangaji ndiye aliyeusababisha, na kwamba thamani iliyokatwa ni ya kitu kama kilivyokuwa, si ya kitu kipya. Katika mji wa bahari kama Tanga, jambo la pili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalorukwa.

Tanzania Bara haina sheria mahususi inayosema dipoziti iwe kiasi gani au irudishwe ndani ya siku ngapi. Uingereza, kwa mfano, tangu Aprili 2007 mwenye nyumba wa makazi ya kawaida analazimika kuiweka pesa hiyo chini ya mpango maalumu wa ulinzi. Hapa kwetu inakaa mfukoni mwa mwenye nyumba, na mara nyingi imeshatumika. Hata hivyo mpangaji hayuko mikono mitupu. Kifungu cha 89 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinamtaka arudishe jengo katika hali aliyolikuta, lakini kinamwondolea mzigo wa uchakavu wa kawaida, na wa madhara ya moto, mafuriko au dhoruba ambayo hayakutokana na uzembe wake. Sheria ya Mikataba nayo, kifungu cha 73, inampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba fidia ya hasara aliyoipata. Fidia ya hasara haimaanishi nyumba mpya kwa gharama ya mtu mwingine.

Tuanze na hoja za mwenye nyumba, kwa sababu zina uzito kuliko wapangaji wengi wanavyokubali. Dipoziti ya mwezi mmoja ni ndogo. Mpangaji akiondoka na deni la maji la miezi minne, akaunti ya Tanga UWASA ikiwa kwa jina la mwenye nyumba, deni linabaki kwake na maji yanakatwa kwake. Akichezea mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, shirika la umeme TANESCO linamtafuta mwenye mita. Kuna pia wanaoacha kulipa mwezi wa mwisho na kusema "kata kwenye dipoziti", halafu wanaondoka, na chumba kinakutwa na kioo kilichovunjika, sinki lililopasuka na mlango uliong'olewa bawaba. Hapo hakuna cha kukata tena. Anayefanya hivyo amevunja mkataba, na anawaharibia wapangaji wote watakaokuja baada yake. Tena mwenye nyumba wa Ngamiani au Makorora mara nyingi ni mjane au mstaafu anayeishi kwa kodi hiyo hiyo. Siku 20 chumba kikiwa wazi kwa sababu ya matengenezo ni pengo la kweli, na likithibitishwa kwamba limetokana na uharibifu wa mpangaji, ni halali lidaiwe.

Sasa ukuta.

Nyumba nyingi za Tanga zinaliwa na chumvi kutoka pande mbili. Upepo wa bahari unaleta chumvi hewani, ikatua kwenye nondo za madirisha, bawaba, vitasa na mabati. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo nondo iliyozama ukutani inavimba na kuisukuma plasta mpaka inapasuka. Ukiona plasta imebanduka pembeni mwa dirisha la nondo, palepale chuma kinapoingia ukutani, mtuhumiwa wa kwanza ni kutu. Upande wa pili ni chini. Nyumba iliyojengwa bila karatasi ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta inavuta maji ya ardhini, na plasta ya mchanga wenye chumvi inazidisha tatizo. Maji yanapanda, yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi inabaki na kuganda nyuma ya rangi, nayo rangi inavimba na kudondoka. Baada ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, hali inakuwa mbaya zaidi. Upake rangi ya bei gani, bila kutibu unyevu itabanduka tena kabla ya masika mawili.

Ukuta wenyewe unaweza kueleza aliyeuharibu. Unyevu wa ardhini unakaa chini, kwa kawaida hadi kimo cha mita moja hivi, na unaacha mstari wa maji na unga mweupe. Uvujaji wa bati unaonekana juu: miduara ya rangi ya chai kwenye dari, michirizi inayoshuka. Ukungu mweusi wa pembeni juu, nyuma ya kabati au kwenye chumba kisichofunguliwa madirisha, mara nyingi umetokana na mvuke wa ndani, yaani kupikia chumbani, kuanika nguo ndani, kufunga madirisha kutwa. Huu wa tatu unaweza kuwa wa mpangaji, na asikatae kwa sababu tu bahari iko karibu. Mkibishana, kuna jaribio lisilo na gharama. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, uzibe pande zote nne kwa selotepu, ukiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakikaa upande wa chumbani, unatoka kwenye hewa ya chumba. Fanyeni wote wawili mkiwapo, mpige na picha.

Tuseme imethibitika kwamba mpangaji ndiye aliyechafua: misumari 15 ya kutundikia, michoro ya watoto, madoa ya mafuta ya kupikia. Bado hesabu ya 120,000 haipiti bila kukaguliwa. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8 kina kuta za mita za mraba 39. Ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 35.5. Mikono miwili ya rangi ni mita za mraba 71. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo chumba kinataka lita 7 hadi 9. Ndoo moja ya lita 20 inamaliza vyumba viwili vya kiasi hicho. Ukiona ndoo mbili kwa chumba kimoja, ulizia ndoo ya pili imekwenda wapi.

Halafu kuna umri wa rangi. Mkikubaliana kwamba rangi ya ndani huku pwani inadumu miezi 48, na mpangaji amekaa miezi 30 tangu ilipopakwa, imebaki miezi 18. Gharama ya rangi na fundi kwa chumba hicho ikiwa 90,000, sehemu ya mpangaji ni 18 kwa 48, yaani 33,750. Mwenye nyumba atasema, "Lakini fundi leo ananidai 90,000 taslimu." Ni kweli, na hiyo 56,250 iliyobaki ni ya miezi 30 ambayo rangi imeshatumika, na angeibeba mwenyewe hata kama angekuwa na mpangaji malaika. Akimtoza mpangaji yote, anapakiwa nyumba rangi bure kila mtu anapohama.

Ugumu unakuja pale mkataba unaposema waziwazi kwamba mpangaji atapaka rangi anapotoka. Hapo tunaegemea kwa mwenye nyumba: ulisoma, ukasaini. Ila una haki ya kupaka mwenyewe kwa fundi wako kabla ya kukabidhi funguo, na huo ndio uamuzi wa busara, kwa kuwa bei unaisimamia wewe. Kifungu cha "dipoziti hairudishwi" ni jambo jingine. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kiasi kilichotajwa kwa ajili ya uvunjaji wa mkataba ni kikomo cha fidia inayostahili, hakichukuliwi chote moja kwa moja. Kama hukuvunja chochote, pesa hiyo inashikiliwa kwa lipi? Mwenye nyumba anayetaka pesa isiyorudi aiite kodi tangu mwanzo, mtu aamue akiwa na macho.

Hoja ya kitasa ni fupi. Ukipoteza funguo moja kati ya tatu, mwenye nyumba ana haki ya usalama, lakini vitasa vingi vya kisasa vinabadilishwa silinda tu, si kitasa kizima. Kikiwa kimekwama kwa kutu, ni uchakavu. Usafi nao: nyumba iliyofagiwa, ikapigwa deki na kuondolewa taka inatosha.

Maji na umeme ndiko wapangaji wanakopoteza kwa kutojali. Bili ya maji inakuja baada ya matumizi, hivyo bili utakayoonyeshwa wiki mbili baadaye inaweza kuwa na uniti za mpangaji mpya au za fundi aliyekoroga saruji. Siku ya kuhama piga picha ya dira ya maji, namba zisomeke. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo tofauti ya uniti 6 tu ni mapipa 30 ya lita 200. Kwa LUKU, uniti zilizobaki ni zako, patana bei yake na mwenye nyumba. Na kuna jambo ambalo halimo kwenye hesabu za wengi: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia ununuzi wa LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Mpangaji aliyenunua umeme kwenye mita yake peke yake kwa miezi 24 kwa kiwango hicho cha pili amemlipia mwenye nyumba 36,000. Kama mkataba haukusema itakuwa juu yako, ilete mezani siku ya kufanya hesabu.

Katika nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati, za barabara za Ngamiani, choo na bomba ni vya wote. Kumkata anayehama gharama ya sinki la uani kwa sababu ndiye mwenye dipoziti inayoshikika ni dhuluma. Kama aliyevunja hajulikani, gharama igawanywe kwa vyumba vyote. Na shimo la choo lililojaa likinyonywa, lihesabiwe kwa miaka lililochukua kujaa.

Haya yote yanategemea ushahidi wa siku ya kuingia. Kabla hujapanga vyombo, mkague wote wawili mchana, chumba kwa chumba, muandike nakala mbili na kusaini. Kila kasoro ipigwe picha mbili, moja ya ukuta mzima na moja ya karibu yenye futikamba, kisha mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili. Dipoziti lipa kwa simu au benki. Ukilipa taslimu dai stakabadhi yenye neno "dipoziti", maana ikiandikwa "kodi" umeshapoteza nusu ya kesi. Siku ya kutoka rudieni orodha ileile, na ukabidhi funguo kwa maandishi.

Makato yakija bila risiti, usianze kwa vitisho. Andika hivi: "Shikamoo mama. Nilikabidhi funguo tarehe 1 Juni. Nimekubali kukatwa maji 12,000 kwa dira, na rangi ya chumba cha watoto 33,750. Ukuta wa sebule ni unyevu wa ardhini, picha za siku niliyoingia nimekutumia. Naomba 154,250 iliyobaki ndani ya siku 14." Kukubali kinachokuhusu kunakupa nguvu kwenye kinachobishaniwa.

Siku 14 zikipita kimya, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui, na usuluhishi una siku 30. Madai ya pesa za kiasi hiki yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na ukiwa umejipanga unaweza kusimama bila wakili. Peleka mkataba, muamala, orodha mbili, picha na ujumbe wako wa madai, vimepangwa kwa tarehe. Mwenye nyumba naye apeleke risiti za fundi na picha zake. Asiye na risiti atabaki kusimulia.