Beatrice alichoma dayari za Malkia Victoria: alimlinda mama yake au alimponza?

Malkia Victoria wa Uingereza alitawala miaka 63 na ushee, kuanzia Juni 1837 akiwa na miaka 18 mpaka alipofariki Januari 22, 1901 kule Osborne, nyumba yake ya kifalme kisiwani Wight, na karibu muda wote huo alikuwa anaandika. Sio kuandika kidogo. Mama yake alimpa daftari mwaka 1832, binti ana miaka 13, wakiwa wanaelekea safari ya Wales, na tangu hapo hakuiweka kalamu chini, dayari inaishia siku chache tu kabla hajakata roho. Hapo hujagusa barua. Kwa bintiye mkubwa Vicky peke yake, aliyeolewa Prussia, ufalme wa Kijerumani, mwaka 1858, aliandika maelfu.

Sasa kilichotokea baada ya msiba ndicho watu wanabishania mpaka leo. Beatrice, mtoto wake wa mwisho, akakaa na zile dayari akawa anazinakili kwa mkono, asichokipenda anakiruka, kingine anakilainisha, akimaliza daftari la asili anatia moto. Kazi ya miongo kadhaa hiyo, nakala zake zikafika madaftari 111. Mfalme George V, ambaye Beatrice ni shangazi yake, na mkewe Queen Mary hawakufurahia kabisa lakini hawakuweza kumzuia.

Wanaomtetea Beatrice wana hoja na mimi siidharau. Kwanza ni mama mwenyewe aliyemwachia hilo jukumu, kwamba apitie na aondoe yasiyofaa watu kusoma. Mzazi wako akikuachia wosia wa namna hiyo utafanyaje, utamwambia samahani mama, wanahistoria wanasubiri? Halafu kumbuka nani alikuwa hai mwaka 1901. Prince Albert, mume wa Victoria, alipofariki Desemba 14, 1861, Victoria alimtupia lawama mwanawe Bertie, kwa sababu ya skendo yake na mwanamke mmoja iliyomsononesha baba yake wiki chache kabla, na akamwandikia Vicky kwamba hataweza tena kumtazama huyo mtoto bila kusisimka mwili. Huyo Bertie ndiye Mfalme Edward VII aliyekalia kiti baada yake! Watoto walikuwa tisa na kila mmoja alikuwa na lake kwenye maandishi ya mama. Familia ipi ingeweza kuyaweka hayo mezani?

Na kuna jambo lingine, kwamba mtu huandika ukweli pale anapojua nani atausoma. Victoria alimwambia Vicky wazi kwamba hayo mambo ya fahari ya kuleta roho duniani yeye hayamwingii, akifikiria uzazi anaona sisi wanawake tunakuwa kama ng'ombe au mbwa wakati ule. Malkia, mama wa watoto tisa, karne ya 19, anasema hivyo. Asingeyaandika kama angejua yatasomwa na kila mtu, na sisi leo tungebaki na picha ya bibi aliyenuna kavaa nguo nyeusi basi.

Ila ukiangalia moto ulikula nini ndipo unaanza kuumia. Bahati nzuri kuna Lord Esher, mtu wa ikulu, ambaye kabla madaftari ya mwanzo hayajaungua alipigisha chapa nakala ya dayari kuanzia 1832 mpaka mapema 1840, na Beatrice hakuambiwa. Ndoa ilifungwa Februari 10, 1840. Kwenye nakala ya Esher unamkuta bibi harusi wa miaka 20 anaandika kwamba usiku hawakulala sana, kwamba alfajiri alipouona ule uso mzuri pembeni yake hana maneno, kwamba Albert kavaa shati tu na shingo yake inaonekana, kwamba siku iliyofuata au ya tatu mume kamvalisha soksi na yeye kaenda kumtazama akinyoa ndevu, anafurahi kama mtoto. Mwanamke mzima, hai, ana mapenzi. Nakala ya Beatrice kwa ujumla ni fupi na imepoa, na kuanzia 1840 kwenda mbele hatuna Esher wa kutuokoa, tunamsoma Victoria kupitia bintiye tu kwa miaka sitini hivi. Na kichekesho ni kwamba huyuhuyu Esher ndiye, pamoja na A. C. Benson, aliyeziediti barua za malkia zilizotoka 1907 kwa vitabu vitatu, na humo wakachekecha kwelikweli. Kwa hiyo ukisema Beatrice ni mkataji na Esher ni mwokozi unakuwa hujamjua Esher vizuri.

Mimi hoja ya "mambo yake binafsi yaachwe" naikubali mpaka mahali fulani halafu inanikwama. Maana kwa Victoria barua binafsi ndiyo ilikuwa ofisi. Kati ya mawaziri wakuu wake, alimchukia Gladstone na hakuficha, alimpenda Disraeli, na mwaka 1885 habari za kuanguka kwa Khartoum, Sudan, na kuuawa kwa Gordon, jenerali wa Kiingereza, zilipofika aliwapigia mawaziri wake simu ya maandishi ya kuwalaumu bila kutumia msimbo wa siri, kila mpokeaji wa telegramu njiani angeweza kuisoma, makusudi kabisa. Angalia pia ya Lady Flora Hastings, mhudumu wa mama yake Victoria, mwaka 1839. Tumbo la huyu dada lilianza kuvimba, Victoria akaandika kwenye dayari kwamba hawana shaka ni mjamzito, na mshukiwa wa mimba ni Sir John Conroy, msimamizi wa nyumba ya mama yake na adui wa Victoria. Madaktari wakampima yule mwanamke, kumbe ni bikira, Julai akafa, na baada ya kifo ndipo ikaonekana kilichovimbisha tumbo ni ugonjwa. Jina la malkia likachafuka mjini. Hiyo kurasa ya dayari utaiitaje, siri ya familia? Ni ushahidi hiyo, na Flora naye alikuwa na haki yake.

Tena Victoria mwenyewe mlango aliufungua. Mwaka 1868 alichapisha sehemu za dayari yake za maisha ya Scotland, na 1884 akatoa nyingine, kitabu kikauzwa vizuri tu. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kutotaka kusomwa, alitaka kuchagua asomwe nini. Haki yake hiyo, sisemi, lakini usije ukaniambia alikuwa mja wa faragha.

Tuje kwa John Brown, mhudumu wake Mskoti, kwa sababu hapa ndipo moto ulipowageuka wenyewe. Brown akafa Machi 1883, malkia akataka kuandika kitabu cha maisha yake, watu wa ikulu wakahaha mpaka wakamzuia, na dayari za Brown zikaharibiwa na Sir Henry Ponsonby, katibu wa malkia. Baadaye, Victoria ameshakufa, mtoto wa aliyekuwa meneja wa Balmoral, makazi ya malkia huko Scotland, akaibuka na sanduku la bati lenye barua zaidi ya 300 za malkia kuhusu Brown, akitaka pesa. Daktari wa malkia, Sir James Reid, ndiye aliyetumwa kuzifuata, akazipata, akaandika kwamba nyingi zilikuwa za kufedhehesha. Matokeo yake? Fununu kwamba malkia alifunga ndoa ya siri na Brown haijafa mpaka leo, na haiwezi kufa, kwa sababu karatasi ambazo zingeikanusha nazo hazipo. Linganisha na ile stori yetu huku kwetu kwamba Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa. Hiyo unaivunja kwa dakika mbili, maana makaratasi ya serikali yapo: mpaka ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na Wilhelm alikuja kuwa Kaiser, yaani mfalme mkuu wa Ujerumani, 1888. Uongo wenye karatasi za kuukanusha unakatika, usio nazo unazeeka na wewe.

Vicky alifanya kinyume cha mdogo wake. Mwaka huohuo 1901, anaumwa kansa, miezi michache kabla hajafa, barua alizokuwa amemwandikia mama yake alizitoa Ujerumani kisirisiri, zikabebwa na Frederick Ponsonby, mtoto wa yule katibu Sir Henry, kwenye masanduku yaliyoandikwa kama ya vyombo na vitabu, ili mwanawe Wilhelm asizipate. Alipofariki Agosti askari wa Wilhelm wakaizingira nyumba, wakapekua, hola. Mwaka 1928 Ponsonby akazichapa na Wilhelm akahangaika kuzuia akashindwa. Aliumia? Aliumia. Lakini mama yake aliyesemwa vibaya miaka yote Ujerumani naye akapata kusikika.

Ndiyo maana Beatrice namsamehe nusu. Alichoma cha mama yake, kwa ruhusa ya mama yake, na bado alituachia madaftari 111 ambayo tangu 2012 yamewekwa kwenye intaneti. Yale ya asili angeweza kuyafungia kwenye ngome ya Windsor miaka mia badala ya kuyachoma, hilo hakulifanya na ndilo kosa lake.

Nisiyemsamehe ni kaka yake, Edward VII. Abdul Karim alitoka Agra, India, mwaka 1887, kijana wa miaka 24, akaanza kwa kuhudumu mezani, akaishia kuwa mwalimu wa malkia wa Kihindustani, lugha ya India, na malkia akamwandikia barua nyingi. Barua ikishatumwa ni mali ya nani kama si ya aliyeandikiwa? Malkia kazikwa tu, Edward VII akawatuma watu nyumbani kwa Karim, barua zikatolewa zikachomwa hapohapo nje, mwenyewe anaangalia, kisha akarudishwa India. Hapo hakuna wosia uliotekelezwa wala heshima ya marehemu. Na hawakumaliza: madaftari 13 ya mazoezi ya Kihindustani ya malkia yamebaki, na dayari ya Karim mwenyewe ilitunzwa na ndugu zake zaidi ya miaka mia, ikaja kusomwa karne hii.