Oveni Ikiwaka, Mpishi Aweza Kutoka?

Mtu aliyeweka mguu wa mbuzi ndani ya oveni kwa nyuzi 150, akijua kwamba utachukua saa nne kulainika, ana haki ya kuuliza kama ni lazima akae jikoni muda wote huo. Wanaosema si lazima wana hoja nzito: oveni ya umeme ni sanduku la chuma lililofungwa, lina kidhibiti joto kinachokata umeme kiwango kikifikiwa na kuurudisha joto likishuka, na nyuzi 150 ziko mbali na zile zinazowasha mafuta ya kupikia, ambazo huzidi 300. Kikaango cha mafuta kilichoachwa juu ya moto ni hatari zaidi. Ajabu ni kwamba wengi wanaoiogopa oveni huyaacha maharage kwenye mkaa wakaenda dukani bila wasiwasi.

Hata hivyo, hoja hiyo huitazama oveni na kuusahau ukuta ilikochomekwa. Oveni ndogo ya mezani hula wati 1,500 hivi, na kubwa kidogo hukaribia 3,000, ambazo ndizo kikomo cha plagi ya ampea 13 inayotumika Tanzania na Kenya. Ikichomekwa kwenye soketi iliyolegea, au kwenye ekstensheni nyembamba inayolisha pia friji na birika, joto la hatari hujikusanya kwenye waya, mahali ambapo kidhibiti joto hakifiki. Dalili ya kwanza ni harufu ya plastiki inayoungua, nayo haimfai kitu mtu aliyeko sokoni. Kisha kuna umeme unaokatika: oveni ya swichi za kuzungusha, kama haina kipima muda, huwaka tena umeme ukirudi, hata kama mwenyewe amekwisha kulala.

Oveni ya gesi sioni kama ina mjadala mrefu. Baadhi zina kifaa cha kufunga gesi mwali ukizimika, nyingine, hasa za zamani, hazina. Na gesi ya mtungi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni ikingoja cheche.

Kwa maoni yangu, kuiacha oveni ya umeme iliyo nzima, ambayo plagi yake umeigusa baada ya nusu saa ukaikuta haijapata moto, huku wewe ukifua uani au ukiswali chumbani, si uzembe. Kutoka nyumbani au kulala ni jambo jingine, kwa sababu kipima muda huizima oveni kwa saa iliyopangwa, lakini hakijui lolote kuhusu soketi iliyoanza kuyeyuka saa moja kabla.